Hita ya Hiace kuukuu haijafa, imekatwa: namna ya kuirudishia joto gari ya kulala kabla ya baridi ya Juni na Julai

Ukiwa Moshi mjini mwezi wa saba unaweza ukaona baridi ni maneno ya watu, ukija Arusha unaongeza sweta, ila ukipanda mpaka Ngorongoro juu pale ukingoni mwa kreta, kama mita 2,300 hivi, ukalala ndani ya gari usiku mzima ndo unajua kwamba Tanzania kuna baridi na kwamba gari ni bati lenye matairi. Mi nlijua hivo kwa njia ya tabu. Nna Hiace ya dizeli, injini aina ya 3L, zamani ilikua inabeba abiria, nikaing'oa viti vya nyuma nikaweka kitanda cha mbao na kabati dogo la vyombo, nikamwambia mke wangu sasa tuna nyumba inayotembea. Usiku wa kwanza kambi ya Simba, palepale ukingoni, saa tisa usiku akaniamsha, akasema, "Baba, hii sio nyumba, hii ni friji." Vioo vilikua vinatiririka maji kwa ndani, blanketi limelowa pembeni, na nje kushuka huwezi maana tembo walikua wamekuja kwenye tenki la maji la kambi, tunawasikia wanavyovuta.

Asubuhi nikawasha gari, hita nikasokota mpaka mwisho kwenye nyekundu, feni inavuma vizuri tu, ila inachotoa ni hewa ileile ya nje. Nikajisemea gari ya zamani, hita imekufa, ntanunua nyingine. Hapo ndo nlipokosea, na ndo sababu ya kuandika haya yote, maana kwenye hizi gari kuukuu zilizokuja kutoka Japani hita mara nyingi haijafa, kuna fundi aliikata miaka hiyo na hakuna aliyekumbuka. Kwa hiyo kabla hujaanza kuulizia hita mpya, rudisha kwanza ile uliyonayo, halafu ziba matundu, halafu ndo ufikirie vitu vya kununua. Ukienda kinyume utapoteza hela, utakua unapasha joto barabara.

Shika mipira kwa mkono

Hita ya gari haina moto wake. Ni rejeta ndogo iko nyuma ya dashibodi, inapitishiwa maji ya moto kutoka kwenye injini, feni inapuliza hewa ikapita katikati yake, basi. Kwa hiyo kuna mipira miwili, mmoja unaleta maji, mwingine unarudisha. Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, unafungua kiti, unaifuata hiyo mipira miwili myembamba inayoelekea mbele kwenye dashibodi.

Fundi niliyeenda kwake kwanza Arusha aliniambia, "Bosi, huku Afrika hita ya nini?" akacheka, akaendelea na kazi yake. Sikumlaumu sana, wateja wengi wanaomba hita itolewe. Nikashuka Moshi kwa mzee mmoja ananitengenezeaga gari tangu zamani. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitika marahaba, akasema washa gari iache ipate moto, lete mkono. Akanishikisha mpira wa kwanza, umepoa. Wa pili, umepoa. Akacheka kidogo, akaufuata ule mpira na tochi mpaka nyuma ya injini, kumbe umekunjwa umerudi kulekule ulikotoka, umefungwa na klipu mbili, kama herufi U. Maji yanatoka injini yanarudi injini, hita haiguswi. "Rejeta yako ya ndani ilivuja zamani," akasema, "sasa badala ya kuiziba wakaipitia pembeni."

Basi fanya hivi hivi. Gari ikishafikia joto lake la kawaida, hita imefunguliwa mpaka mwisho, shika mipira yote miwili, kwa tahadhari, inaunguza. Majibu yako hapo:

- Yote miwili baridi: imekatwa kama yangu, au koki ya hita (inayoruhusu maji ya moto kuingia) imefungwa, au injini yenyewe haifikii joto (nakuja huko).
- Mmoja wa moto mwingine vuguvugu au baridi: rejeta ndogo imeziba, au kuna hewa imekwama ndani.
- Yote miwili ya moto na ndani bado baridi: maji yanafika, tatizo ni upande wa hewa, yaani vile vijilango vya kugawa hewa ndani ya dashibodi au feni.

Kama imekatwa, usirudishe mipira kwa haraka. Toa rejeta ndogo kwanza uipime nje, iweke kwenye ndoo ya maji, ziba upande mmoja, puliza upepo kidogo upande wa pili, mapovu yakitoka inavuja. Shaba inachomelewa na fundi wa rejeta, ya alumini mara nyingi inabidi utafute nyingine. Ukiirudisha inavuja utalowesha miguu ya abiria na kioo cha mbele kitapata ukungu wenye mafuta mafuta na harufu tamutamu ya kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta), hiyo harufu ukiisikia kwenye gari yoyote jua rejeta ndogo inalia.

Koki ya hita nayo inasahaulika. Inavutwa na kebo kutoka kwenye kitufe cha dashibodi, kebo ikikatika au ikichomoka we utasokota kitufe hadi asubuhi. Mwambie mtu asokote huku we unaangalia kama kile kimkono cha koki kinacheza.

Thamostati, ugomvi wangu na mafundi

Hili ndo la muhimu kuliko yote na ndo ntakalolisema kwa urefu. Mafundi wetu wengi gari ikichemsha tu kitu cha kwanza wanachotoa ni thamostati. Wanakuambia kule Ulaya na Japani inahitajika sababu ya barafu, huku nchi ya joto haina kazi. Sio kweli. Thamostati ni mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate moto wake, ukiitoa maji yanazunguka muda wote yanapoozwa muda wote, na injini ya dizeli ambayo yenyewe inapata moto polepole inakua inatembea na joto la nusu. Ukiwa unateremka kutoka Karatu asubuhi na mapema sindano ya joto inalala chini kabisa. Maji ya digrii 55 hayawezi kukupa hita ya maana, na mafuta utakula zaidi, na injini inachakaa haraka maana oili haifiki joto lake.

Namna ya kujua kama ipo: washa gari ya baridi, baada ya dakika mbili tatu shika mpira mkubwa wa juu unaoenda kwenye rejeta. Kama unaanza kupata uvuguvugu kidogo kidogo tangu mwanzo, thamostati haipo au imekwama wazi. Kama unakaa baridi kabisa halafu ghafla unakua wa moto, ipo na inafanya kazi.

Ukinunua mpya usiiamini, ipime jikoni. Iangalie pembeni ina namba, 82 au 88 hivi, ndo digrii inapoanza kufunguka. Ifunge na uzi, itumbukize kwenye sufuria isiguse chini, weka kipimajoto, pasha. Ikikaribia namba yake inaanza kufunguka, na inafunguka yote digrii kama kumi na kitu zaidi. Hapa kuna kitu kimoja cha kufurahisha, Arusha tuko juu, kama mita 1,400, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi sio 100, na pale ukingoni Ngorongoro ni kama 92, ndo maana maharage kule hayaivi. Kwa hiyo ukipima ya 88 kwenye sufuria ya nyumbani Arusha usishangae haijafunguka hadi mwisho, inatosha kuona imeanza vizuri na ukiitoa inajifunga yote bila kuacha mwanya.

Hilo la urefu ndo linafanya pia mfuniko wa rejeta uwe na maana. Mfuniko unashikilia presha ili maji yasichemke mapema, raba yake ikichoka utachemsha kwenye ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu, na fundi atakuambia toa thamostati, na mchezo unaanza upya. Gari yangu ndo ilivyokua. Ilikua inachemsha sababu ya mfuniko na rejeta kubwa iliyojaa tope, wakatoa thamostati, bado ikachemsha, na hita iliyokua inavuja nayo wakaikata.

Wakati wa kufunga, angalia kile kitundu kidogo chenye kipini kinachocheza, kikae juu kabisa, kinatoa hewa. Na gesketi mpya, usitumie silikoni nyingi, inamenyeka inaenda kuziba rejeta ndogo.

Kusafisha na kutoa hewa

Kama mpira mmoja ni wa moto na mwingine sio, chomoa yote miwili injini ikiwa imepoa, unganisha bomba la bustani kwenye ule mpira wa kutokea (yaani usukume maji kinyume na njia yake ya kawaida), fungua taratibu, presha kubwa itaipasua rejeta ndogo. Yangu ilitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, halafu vipande vya kutu, halafu vitu kama majani ya chai kabisa. Endelea mpaka maji yawe meupe, geuza upande, rudia. Watu wengi wanatumia maji ya bomba tu miaka kumi, ndo kutu inavyotengenezwa.

Jaza kulanti, nusu kwa nusu na maji safi. Wenzetu wa Ulaya mchanganyiko huo unawasaidia mpaka digrii kama 37 chini ya sifuri, sisi hiyo hatuihitaji, tunachohitaji ni isioze vyuma na isichemke mapema.

Kutoa hewa: paki gari pua ikiwa imeinuka, kwenye kilima, hita wazi mpaka mwisho, injini bado ya BARIDI fungua mfuniko wa rejeta, washa, iache inguruma, maji yatashuka uongeze, mapovu yatatoka, ukiona mpira wa juu umekua wa moto na mapovu yameisha funga mfuniko. Ukisikia ndani ya dashibodi maji yanalia kama mtu anamimina kwenye chupa bado kuna hewa. Na kamwe usifungue mfuniko gari ikiwa ya moto, kuna watu wana makovu usoni mpaka leo.

Feni na vijilango

Hapa fupi. Kama feni inafanya kazi kasi ya juu tu na zingine hamna kitu, ni rizista ya feni, ile inayopunguza kasi, kitu kidogo cha kubadilisha. Kama haizunguki kabisa, fyuzi kwanza, halafu rilei, halafu chomoa plagi ya feni uipe umeme wa betri moja kwa moja. Fungua pia ile sehemu feni inapovutia hewa, mi nlikuta kiota cha panya na tiketi za basi. Na kile kitufe cha hewa ya ndani na hewa ya nje, tumia ndani kwa dakika chache ipate joto haraka, halafu rudisha nje, ukiiacha ndani vioo vitajaa ukungu.

Kuna mtu atakushauri uweke kadibodi mbele ya rejeta ili injini ipate moto haraka. Wanaoendesha kwenye theluji wanafanya, sawa, ila wewe una mlima wa Mto wa Mbu mbele yako. Usifanye.

Matundu, hasa ya viti

Sasa hita inatoa moto kweli, ila ukisimama dakika ishirini umeganda tena. Joto linatoka wapi? Mi nlimaliza Jumamosi nzima nikilitafuta.

Njia ya kwanza ni noti. Chukua noti ya elfu moja, iweke mlangoni, funga mlango, ivute. Ikitoka kirahisi raba ya hapo imekufa. Zunguka mlango mzima, sehemu kama kumi, weka alama ya chaki. Mlango wa kuburuta wa Hiace ndo mbaya zaidi, pale chini nyuma. Raba za mlango unapata kwenye maduka ya spea zilizotumika, chukua kipande chako uende nacho ulinganishe, usinunue kwa macho.

Njia ya pili naipenda zaidi, ni udi. Siku ya upepo, funga gari yote, kaa ndani na kijiti cha udi, kipitishe taratibu karibu na sakafu, kwenye pembe, chini ya dashibodi. Moshi ukipinda ghafla kuna tundu. Ndo nlipogundua kwamba sakafu yangu ilikua na matundu ya bolti za viti vya abiria, manne kwa kila kiti, yote wazi chini ya zulia, vumbi la Makuyuni lote lilikua linapitia hapo na mi nlikua nalaumu madirisha. Rudisha bolti fupi na washa ya raba, paka silikoni, au tumia vifuniko vya raba. Matundu ya chini kabisa ya milango yaache, yale ni ya kutolea maji ya mvua, ukiyaziba mlango unaoza kwa ndani.

La tatu ni kava ya injini chini ya viti vya mbele. Gesketi yake ikichakaa moshi wa injini unaingia kwenye chumba mnacholala. Hii sio habari ya baridi tena. Badilisha ile sponji yake, kaza kufuli zake, na ukiwa huko sikiliza ekzosi kama inapumua kwenye maungio, ukiona masizi meusi kwenye kiungo inavuja.

Vioo na bati

Kioo cha gari ni karatasi. Kila mita moja ya mraba inapoteza kama wati 5 mpaka 6 kwa kila digrii moja ya tofauti ya ndani na nje. Hiace ina vioo pande zote, tuseme mita nne hivi, ndani unataka 18 nje ni 5, hapo peke yake ni karibu wati 300 zinaondoka muda wote, na mtu aliyelala anatoa kama wati 80 tu. Ndo maana kioo ndo cha kwanza kuliko ukuta.

Nunua mikeka ya yoga kwenye mitumba, ipo mingi, hata pale soko la Memorial Moshi. Ni sponji isiyonyonya maji. Chukua gazeti, libandike kwenye kila kioo, chora umbo lake, kata mkeka mkubwa kidogo kuliko umbo ili ujibane wenyewe bila gundi. Upande wa nje gundisha ile foili ya kung'aa wanayoweka chini ya bati wakiezeka nyumba. Andika nyuma kila kipande ni cha kioo gani, usiku ukiwa umechoka kulia na kushoto vinafanana. Mchana mnavilaza chini ya godoro.

Kwenye kuta na paa, fungua bodi za ndani, weka sponji ya aina hiyohiyo, gundisha igusane na bati kabisa. Usiweke mabaki ya sponji ya godoro wala pamba, inanyonya maji ya pumzi, inashikilia kwenye bati, baada ya misimu miwili unatoboa na kidole. Sakafuni plaiwudi juu ya mikeka, halafu zulia. Paa ndo lipewe kipaumbele kama hela ni kidogo.

Na acha upepo. Najua inauma, umeziba siku nzima halafu nakuambia uache mwanya, ila watu wawili wakilala wanatoa maji kwa pumzi, asubuhi ni glasi mbili tatu ukikamua nguo, na maji hayo yakikosa njia yanakaa kwenye vioo na godoro, na blanketi lenye unyevu halina joto. Acha dirisha la mbele sentimita mbili na la nyuma upande wa pili sentimita mbili.

Usiku injini ikiwa imezimwa

Hapa watu ndo wanakufa kwa hiyo naomba usiruke.

Usiingize jiko la mkaa kwenye gari. Hata likiwa limeshika vizuri halina moshi, hata ukiacha dirisha, hata kwa dakika kumi tu. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, inashika damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, unaanza na kichwa kuuma na usingizi mzito, na usingizi ndo ulikua unautafuta kwa hiyo hushtuki. Tunazisikia kila msimu wa baridi, familia imelala na jiko ndani ya chumba hawakuamka, na hicho ni chumba, gari ni ndogo mara ngapi? Jiko la gesi la kupikia pia sio hita. Mbali na hatari hiyo, kilo moja ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji, utajipasha na kujilowesha kwa pamoja. Na kuacha injini inguruma usiku kucha pia hapana, dizeli ikinguruma tu bila kutembea haitoi moto wa maana, na moshi wa ekzosi kwenye gari iliyopaki unarudi ndani. Nunua alarmu ndogo ya hiyo gesi, ya betri, ifunge karibu na kichwa cha kitanda. Ikilia, mlango wazi, wote nje, hata kama kuna tembo pigeni honi kwanza.

Cha bure na salama ni maji ya moto. Chemsha maji nje kabla ya kulala, jaza dumu gumu la lita 5 (yakishapoa kidogo, yasiwe yanatokota, na sio chupa ya soda, inalegea), hakikisha mfuniko una raba, lifunge na kanga, lilaze miguuni dakika ishirini kabla hamjapanda. Nlipiga hesabu, dumu moja likipoa kutoka digrii 80 mpaka 30 ni sawa na balbu ya wati 36 kuwaka masaa nane chini ya blanketi lenu, sio kwenye hewa ya gari. Hakuna kifaa kingine cha bei hiyo.

Chini ya godoro weka mikeka ya yoga, baridi kubwa inatoka chini, watu wanajifunika mablanketi matatu juu na chini hawana kitu. Mzula kichwani, soksi kavu ambazo hujatembea nazo mchana, na kula. Mke wangu anabeba mtori kwenye chupa ya chai, bakuli moja kabla ya kulala, mi naona linafanya kazi kuliko sweta.

Hita ya umeme ya 12V inayouzwa mtandaoni sahau. Wati 1,000 kwa 12V ni zaidi ya ampea 80, betri ya 100Ah haimalizi hata saa moja na nusu na asubuhi gari haiwaki. Blanketi la umeme la wati 50 hivi sawa, kama una betri ya pili.

Kama bado unataka hita ya dizeli

Hizi ndo wenye kempa (gari za kulala) za Ulaya wanatumia, Webasto na Eberspächer ndo wakongwe wa Ujerumani, na za Kichina zipo za bei nafuu. Inavuta hewa ya kuunguza kutoka nje, inatoa moshi nje, kwa ndani inapuliza hewa safi tu, kwa hiyo ikifungwa vizuri ni salama. Kwa Hiace hita ya wati 2,000 inakutosha, kubwa ikikimbia polepole muda wote inajaza masizi.

Vitu vya kusimamia fundi wako: bomba la moshi litoke nje kabisa pembeni ya gari, lisiishie chini ya sakafu, lisikae karibu na mpira wa mafuta, lifungwe kitambaa cha kuzuia moto. Bomba la kuvutia hewa liwe mbali na la moshi. Pampu ya mafuta ilale ikiwa imeinuka upande wa kutokea. Waya nene, maana ikianza inavuta kama ampea 8 mpaka 10, waya mwembamba unaleta kosa la umeme mdogo na watu wanatupa hita nzima. Usiizime kwa kukata umeme, zima kwa swichi yake iachie dakika chache ijipooze. Na kule juu ukingoni hewa ni pungufu karibu robo kulinganisha na pwani, mafuta yanakua mengi kuliko hewa, moshi mweusi, kwa hiyo tafuta yenye mpangilio wa maeneo ya juu au upunguze mapigo ya pampu, na kabla ya kuzima ikimbize kasi ya juu robo saa ichome masizi.

Mi sijafunga. Nlifika mwisho wa hatua za dumu nikaona inatosha. Julai hii tumerudi Simba, nje kipimajoto kikasoma 6, ndani alfajiri 13, mke wangu alilala mpaka nikamwamsha mimi. Kilichobaki ni hita ya pili ya nyuma, Hiace nyingi za Japani zinayo chini ya kiti, mabomba yake yanapita chini ya sakafu na ya kwangu yamekua kama biskuti, ukiyagusa yanamomonyoka. Nikipata ya shaba ntayapitisha upya, ila sio wakati wa mvua za vuli maana nikianza kulala chini ya gari kwenye tope la Ngaramtoni sintamaliza.